Klabu ya mapango ikibaki na watu tisa usishtuke, uliza nani ana leseni

Kila Februari meseji huwa ni ileile. Mweka hazina wa mwaka huo, ambaye mara nyingi sijawahi hata kumwona, ananiandikia usiku kwamba Oktoba walijiandikisha watu kibao na sasa wamebaki tisa, klabu inakufa, tufanyeje. Ananitafuta mimi kwa sababu niliwahi kuwa mweka hazina halafu mtunza vifaa wa hiyo klabu ya mapango, chuo kimoja kaskazini mwa Uingereza, na tangu nimalize nimeendelea kuwasaidia mahesabu na kuwafundisha kamba, mpaka nimekuwa kama mzee wa ukoo. Basi na mimi namuuliza swali langu lilelile, kati ya hao tisa wangapi wanaweza kushusha wenzao shimoni na kuwarudisha, na nani anaruhusiwa kuendesha minibasi.

Tuanze na Oktoba maana ndo inayowachanganya. Mwaka wa masomo ukianza vyama vyote vya wanafunzi vinapanga meza ukumbini kuvutia wageni, wapiga makasia huku, wacheza chesi kule, na sisi silaha yetu ni boksi la kubanwa. Ni mbao mbili tu, moja juu moja chini, zina boliti pembeni, unashusha ya juu kidogokidogo na mtu analala kifudifudi anajipenyeza katikati. Jamaa wa raga mabega kama mlango ananasa kifuani anabaki kurusha miguu, dada mwembamba nyuma yake anageuza uso upande, anatoa pumzi yote, anapita, watu wanapiga kelele ukumbi mzima. Hapo unaandika majina mpaka wino unaisha. Ila huyo mtu hajajiunga na mapango, amejiunga na boksi, na boksi ni kavu na lina taa juu.

Safari ya kwanza wengi hupelekwa Long Churn kule Yorkshire. Maji yanapita humohumo ndani, na kuna sehemu inaitwa Cheese Press, kikandamizo cha jibini, mwamba juu mwamba chini na wewe unaburuza tumbo. Mi ni wa Tanga, nilijiona mzoefu maana shuleni tulipelekwa Amboni, pale unaingia na viatu vya shule, anayewatembeza ana tochi, kuna joto na popo, unatoka umelowa jasho tu. Long Churn maji ya nyuzi 8 hivi yaliingia kwenye gambuti (zilizobaki stoo zote zilikuwa saizi 11, mi navaa 8) nikasahau na jina langu. Nilirudi wiki iliyofuata kwa ubishi tu. Wengi hawarudi, na kwakweli siwalaumu. Halafu Novemba giza linaingia saa kumi jioni, Januari mitihani, mnajikuta kumi, tisa, nane. Huko kushuka ni kama kupwa kwa maji, kupo kila mwaka na hakujawahi kuua klabu.

Kinachoua ni kingine kabisa na kwenye orodha ya waliolipa hukioni.

Mtu aliyeanza Oktoba, akijituma, mpaka Krismasi atakuwa anapanda na kushuka kwa kamba mwenyewe. Kupanda ni vibano viwili, kimoja kifuani kimoja mkononi chenye kitanzi cha miguu, unakaa unasimama, unakaa unasimama, kama kiwavi kwenye uzi. Hiyo inafundishika hata ukumbini. Ila kuifunga kamba yenyewe shimoni, uchague pa kufungia, uhakikishe haigusi mwamba popote maana ikisuguliwa na uzito wa watu sita mmoja baada ya mwingine inalika, na ujue mvua ikinyesha juu huko chini maji yatapanda wapi, hiyo ni mwaka wa pili, na mtu wa mwaka wa pili kwenye digrii ya miaka mitatu kabakiza mwaka mmoja tu aondoke. Kwahiyo kumbukumbu ya klabu ya wanafunzi ni fupi mno, mwaka mmoja tu usipopata mrithi mnaanza upya.

Na kuna hili la minibasi, ambalo watu wanaliona dogo. Uingereza waliofaulu mtihani wa udereva kabla ya 1997 walipewa na haki ya minibasi humohumo kwenye leseni ya gari dogo, waliofuata hawana. Wao kuendesha ile ya abiria 16 kwa kujitolea lazima uwe na miaka 21 na leseni uliyokaa nayo miaka 2, na masharti mengine juu. Sasa mwanafunzi ana miaka 19, mapango yapo mashambani huko hata basi la kawaida halifiki. Nimeona wikiendi zikifutwa watu wapo, kamba zipo, hela ipo, dereva hamna.

Ndo maana nasema 2020 ilifanya kazi mbaya kuliko kushuka kokote. Walioingia Oktoba 2019 walipata miezi mitano tu, Machi nchi ikafungwa. Walioingia 2020 hawakupata karibu chochote. Oktoba 2021 foleni kwenye boksi ilikuwa ndefu kuliko zote nilizowahi kuona, kamati inachekelea, na mi nikisema hapo ndo klabu ilikuwa karibu zaidi na kaburi sitanii. Tulienda wazee wanne kufundisha, tukaning'iniza kamba ukumbi wa mazoezi, na mwenyekiti, kijana mzuri wa mwaka wa tatu, akanivuta nyuma ya magodoro akanong'ona, nioneshe tena hili fundo la kwanza kabla wale hawajafika. Tulilifunga na kulifungua mara tano tukiwa tumewapa mgongo wenzake.

Vyama vikongwe kama cha Bristol, cha tangu 1919, vimepita kwenye haya mara nyingi tu. Mwaka 2001 ugonjwa wa miguu na midomo wa mifugo ulifunga mashamba na njia zake, ukitaka pango huvuki hata uzio. Wa Cambridge walianza 1949 na tangu 1976 wanaenda kuchunguza mapango Austria kiangazi, na mi naona safari kama hiyo inashika watu kuliko usiku wa piza na mabango yote. Waliomaliza wanarudi kambini, wa mwaka wa pili ana sababu ya kujifunza kufunga kamba kabla ya Julai, maarifa yanahamia hapohapo kwenye jiko la gesi.

Huyu wa mwaka huu alinijibu vizuri. Kati ya tisa, wanne wanafunga kamba, dereva mmoja tu na anamaliza Juni. Nikamwambia aachane na mabango kwanza, yule binti wa mwaka wa pili mwenye leseni tangu shule anatimiza 21 lini?

Machi, akasema, tarehe kumi na nne, na keki ameshaagiza.