Je, wajua kwa nini kamba wa tangini hujificha?

Umewatia kamba kumi kwenye tangi jioni. Asubuhi ukichungulia, humwoni hata mmoja. Kabla hujaamini kwamba wamekufa, jua kuwa mnyama huyu ana sababu nzuri za kujificha, na nyingi hazihusiani na ugonjwa.

Kamba wekundu wanaofugwa sana katika matangi ya maji yasiyo na chumvi ni wa spishi ya Neocaridina davidi, ambayo asili yake ni Asia Mashariki. Aliyekomaa ana urefu wa sentimita 2 hadi 3 hivi. Hana sumu, hana kucha za kupigania, na huko mtoni kila chenye mdomo wa kumtosha humla: samaki, ndege, hata buu wa kereng'ende. Akishtuliwa hukunja mkia kwa nguvu na kufyatuka kinyumenyume, haraka kuliko jicho linavyoweza kufuata. Lakini mruko huo unamla nguvu nyingi, na haumhakikishii atatua wapi. Kukaa kimya chini ya jani ni nafuu zaidi.

Siku anazojificha hasa ni zile za kujivua gamba. Gamba la kamba halikui, kwa hiyo akinenepa inambidi alivue na kuumba jingine. Aliyekomaa hufanya hivyo kila baada ya wiki chache. Wadogo hujivua mara kwa mara zaidi. Gamba hupasuka mgongoni, pale kichwa kinapokutana na mkia, naye hujifyatua nje na kuacha vazi zima: miguu, vipapasio, hata kifuniko cha macho. Kwa muda baada ya hapo mwili wake ni laini, na hata viungo vya mdomo havijakaza, kwa hiyo hali chakula. Usimfukue kwa kijiti ili uone kama yu hai. Kwa maoni yangu, udadisi huo huwatesa kamba kuliko giza lolote.

Hilo vazi lililoachwa ndilo linalowatia watu hofu, maana linafanana na maiti. Litazame kwa karibu: gamba tupu linapitisha mwanga na limepasuka mgongoni, ilhali kamba aliyekufa huwa na nyama ndani na mara nyingi hugeuka rangi ya waridi iliyofifia. Gamba liache humo humo, kwani kamba wataliguguna na kurudisha madini yake mwilini.

Jike aliyekomaa ana sababu ya ziada. Akishajivua gamba huachia majini kemikali inayowaita madume, nao huanza kuogelea huku na huku wakimtafuta. Akishapandwa, hubeba mayai chini ya mkia kwa takriban mwezi mmoja, akiyapepea kwa vijiguu vyake ili yapate hewa. Majike wengi wenye mayai hupenda vivuli.

Sababu nyingine ni za mazingira. Kamba mgeni anaweza kuchukua siku kadhaa, au hata wiki, kabla ya kuzoea. Wakiwa wawili watatu tu huwa waoga kuliko wakiwa kundi. Taa kali juu ya tangi lisilo na mimea huwakimbiza, na samaki mkubwa huwatisha hata kama hajawahi kumgusa mmoja wao. Hapa kuna jambo ambalo wafugaji wapya hulikataa: wengi hupunguza mimea ili wawaone kamba, kumbe kamba hutoka zaidi pale maficho yanapokuwa mengi, kwa sababu popote alipo, pa kukimbilia pako karibu. Ongeza majani na vipande vya mti, kisha uwape muda.

Kitu cha kukushtua zaidi kuliko kujificha ni kamba wote kukurupuka kwa pamoja. Kama hakuna jike aliyetoka kujivua gamba, na kamba wanapanda juu ya maji au wanakimbia ovyo, pima maji siku hiyo hiyo: amonia na nitriti, sumu zitokanazo na uchafu wa tangini, zinapaswa kuwa sifuri. Jiulize pia kama umetia dawa ya samaki yenye shaba, maana kiasi ambacho samaki anakistahimili kinaweza kumuua kamba.