Mrejesho kazini ni nini, na unatofautianaje na kumsema mfanyakazi

Neno mrejesho limetokana na kitenzi rejesha, yaani kukifanya kitu kirudi. Kazini kinachorudi ni habari ya kazi yenyewe: mfanyakazi ametenda, wewe msimamizi umeona matokeo, unamrudishia ulichokiona ili ajue aendelee vipi. Maofisini wengi huita fidibaki.

Sasa, Dar es Salaam wengi wetu tumekulia kazini kwa kusemwa. Mtu akikuambia "leo bosi kanisema", huhitaji maelezo. Sauti ilipanda, wateja walisikia, na jioni kwenye daladala anachokumbuka ni aibu, si kosa. Kumsema mtu kunamwelekea mtu mwenyewe. Mrejesho unaielekea kazi.

Tuseme ni duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo. Kijana ameandika kwenye daftari la stoo kwamba imetoka mifuko 40 ya saruji, kumbe gari limeshusha 45 kwa mteja Mbagala. Ukimwambia "huna akili ya hesabu, utanifilisi", ataomba radhi na kesho ataandika vilevile. Mwambie hivi: "Jana jioni umeandika mifuko 40, gari limeshusha 45. Uliandika kabla ya kupakia au baada?" Hapo ndipo utasikia kwamba huwa ananakili kutoka kwenye oda, na kwamba mteja aliongeza mitano gari likiwa tayari mlangoni. Basi mnakubaliana: kalamu haishikwi mpaka mfuko wa mwisho upande garini. Bila lile swali usingejua, na ndiyo maana nasema nusu ya mrejesho ni kusikiliza.

Pongezi nazo ni mrejesho, ila "kazi nzuri" peke yake haimfundishi mtu. Mtajie alichokifanya vizuri, atakirudia.

Jambo gumu zaidi kwetu ni umri. Nilianza kusimamia watu nikiwa na miaka 27, na mtunza stoo wangu alikuwa mkubwa kuliko baba yangu. Kila asubuhi nampa shikamoo, halafu nimwambie hesabu zake zina kasoro? Nilishindwa. Nilikaa kimya miezi mitatu, nikawa nasahihisha daftari lake usiku, mpaka siku mzigo ulipopungua sana na siri ikatoka. Alinitazama akasema, "Mwanangu, mbona hukuniambia mapema?" Nilikuwa nimeuita ukimya wangu heshima, kumbe nilimnyima nafasi ya kujirekebisha. Tangu hapo huwa namwendea mkubwa asubuhi kabla duka halijafunguliwa, tukiwa wawili, daftari likiwa mezani: "Mzee wangu, naomba tuangalie hapa pamoja."

Jihadhari pia na "sawa bosi". Yaweza kuwa nimeelewa, yaweza kuwa nimechoka, niache niende. Mwombe akueleze kwa maneno yake atakavyofanya kesho. Kama mmepishana, utajua palepale.

Sheria nayo inalitambua jambo hili. Kanuni za utendaji bora zilizo katika Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, zinamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi upungufu wake, amwelekeze, na ampe muda wa kutosha kujirekebisha kabla ya kumwachisha kazi kwa utendaji duni. Shauri likifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), inayoamua migogoro ya kazi, mwajiri ataulizwa alifanya nini kumsaidia. Kwa hiyo mazungumzo makubwa yaandikwe, yawekwe tarehe, na mfanyakazi apewe nakala. Lakini karatasi hiyo, au fomu ya tathmini ya mwaka, haichukui nafasi ya mrejesho wa siku kwa siku. Kosa la Februari likisemwa Desemba, nani analikumbuka?

Na mrejesho hupanda kwenda juu pia. Ukiwauliza walio chini yako "nakosea wapi?", utaambiwa "hamna kitu bosi". Uliza dogo linaloshikika: "Wiki hii kuna agizo langu ambalo halikueleweka?" Mimi nilipouliza hivyo, dada wa kaunta alinijibu kwa sauti ya chini kwamba oda ninazotuma WhatsApp saa tano usiku huziona asubuhi, gari likiwa limeshaondoka. Siku hizi natuma kabla ya saa kumi na moja jioni.