Yanayosemwa mezani kwangu kuhusu Linux, gemu na VPN

Meza yangu ya kutengeneza kompyuta iko ghorofa ya pili, katika jengo moja la Kampala ambalo ngazi zake hazikauki watu tangu asubuhi. Wateja wengi huongea Kiganda na Kiingereza; wale wa Arua, Busia na Bombo tunamalizana kwa Kiswahili. Lugha hubadilika, ila madai ni yaleyale, na nimechoka kuyajibu moja moja bisibisi ikiwa mkononi.

"Linux ni ya wadukuzi, sisi watu wa kawaida haituhusu"

Hili alilisema mwalimu mmoja aliyefika na kompyuta sita za shule, zimefungwa kwa kamba za mpira nyuma ya boda mbili. Zote zilikuwa na Windows 10, ambayo Microsoft ilisitisha msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo ilizikataa, maana inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inataka prosesa za kuanzia kizazi cha nane. Zake zilikuwa za kizazi cha nne. Mashine nzima kabisa, hazina ugonjwa wowote zaidi ya umri. Nikamwambia tuweke Linux, mfumo endeshi unaoweza kukaa mahali pa Windows. Akakunja uso.

"Fundi, mimi nafundisha watoto wa P6. Hayo mambo ya kuvunja benki waachie wenyewe."

Nikamwomba simu yake. Ilikuwa Tecno, kioo kina ufa pembeni. Tukaingia kwenye mipangilio, mahali pa taarifa za simu, kisha toleo la Android, mpaka kwenye mstari unaotaja keneli, yaani kile kiini cha mfumo kinachogawa kazi kwa prosesa na kumbukumbu. "Hiyo ndiyo Linux, mwalimu. Unalala nayo chini ya mto."

Ndivyo ilivyo. Android imejengwa juu ya keneli ya Linux, ileile ambayo Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 mjini Helsinki, aliitangaza Agosti 1991 akisema ni kazi ya kujifurahisha tu. Tangu Novemba 2017, kompyuta zote 500 zinazoorodheshwa kuwa na nguvu kuliko zote duniani zinaendeshwa na Linux. Mganda mwenye simu ya Android anayesema hajawahi kugusa Linux ni kama samaki anayesema hajawahi kuona maji.

Sikumficha upande wa pili, kwa sababu mashabiki wa Linux wana tabia ya kuuficha. Kuweka mfumo wenyewe kwenye kila mashine hakukuchukua hata nusu saa. Printa ya shule ndiyo iliyotutesa hadi jioni: mtengenezaji wake alikuwa ameiandikia programu ya Windows tu, ikabidi nitafute njia za kando. Na mtu wa Nasser Road anayeishi kwa kuchapisha kadi za harusi na mabango ya kampeni sitamdanganya kamwe. Photoshop na CorelDRAW za leo, programu anazotegemea kuhariri picha na kuchora, hazina toleo la Linux. Kuna mbadala, lakini mteja akileta faili la Corel saa kumi na moja jioni na harusi ni kesho, mbadala si jibu.

"Cha bure hakina thamani"

Hapa Kiswahili kimetusaidia, halafu kikatuponza. Waingereza wana neno moja, "free", kwa kitu kisicholipiwa na kitu kisichofungwa minyororo, na Richard Stallman, aliyeanzisha mwaka 1983 mradi wa GNU wa kuandika mfumo endeshi ulio huru, amekula miaka mingi akiwaeleza watu kwamba yeye anazungumzia uhuru na si bei. Sisi tuna "bure" na tuna "huru", mambo yamekwisha. Tatizo ni kwamba "bure" yetu ina doa: kazi bure, mtu bure, maneno bure. Ukimwambia mteja programu hii ni ya bure, nusu ya sikio lake linasikia kwamba haifai.

Siku hizi nasema programu huria. Maana yake ni kwamba msimbo wake, yaani maagizo yaliyoandikwa na watengenezaji wake, unaruhusiwa kusomwa, kubadilishwa na kugawanywa, hata kuuzwa. Kampuni ya Red Hat ilijenga biashara yake juu ya Linux kwa kuuza huduma na msaada, na IBM ikainunua mwaka 2019 kwa dola bilioni 34. Wanaoandika keneli hiyo si vijana wasio na kazi. Sehemu kubwa ni waajiriwa wa Intel, Google, Red Hat na wenzao, na Microsoft nayo imo. Hapa kwetu, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere wanaosomea kwenye MUELE, jukwaa la chuo la masomo ya mtandaoni, wanatumia programu ya Moodle, na takwimu za vituo vya afya nchini hupita kwenye programu ya DHIS2. Zote mbili ni programu huria. Yule mwalimu wa kompyuta sita alinilipa mimi jasho langu. Leseni hakulipia hata shilingi.

Nikiwa hapohapo: Ubuntu, aina ya Linux ambayo ndiyo wengi huanza nayo, ilianzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini na ikatoka mara ya kwanza Oktoba 2004. Baganda wakilisikia jina hilo hutabasamu kwa sababu wao wana obuntu, na Mswahili ana utu. Mpaka mwaka 2011 walikuwa wakituma sahani za CD kwa posta popote duniani bila malipo. Ninayo moja bado, imekwaruzika haisomeki, lakini sitaitupa.

"Linux haipati virusi" na ndugu yake, "msimbo ukiwa wazi, mwizi anaingia"

Nayaweka pamoja kwa sababu hubishaniwa pamoja, na kisa kimoja kinawajibu wote wawili.

Machi 2024, mhandisi mmoja wa Microsoft anayeitwa Andres Freund alikuwa akipima kasi ya hifadhidata kwenye mashine ya Linux. Akagundua kwamba kuingia kwenye mashine kwa SSH, njia ambayo mafundi hutumia kuziongoza seva kutoka mbali, kunachukua kama nusu sekunde zaidi ya kawaida. Nusu sekunde! Mimi ningeilaumu intaneti nikaenda kunywa chai. Yeye aliufuata uzi huo mpaka kwenye programu ndogo ya kubana mafaili iitwayo XZ, akakuta ndani yake mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia mashine, uliopachikwa kwa ustadi. Aliyeupachika alikuwa akijiita Jia Tan. Kwa zaidi ya miaka miwili mtu huyo alijitolea kusaidia, akarekebisha hiki na kile, akajenga imani, hadi mwenye mradi, mtu mmoja aliyekuwa amechoka na kuelemewa, akamkabidhi funguo. Matoleo yenye sumu yalikuwa 5.6.0 na 5.6.1. Freund alitangaza tarehe 29 Machi, kabla hayajafika kwenye matoleo thabiti ya mifumo mikubwa.

Anayesema Linux haidhuriki ajiulize ingekuwaje kama Freund angekwenda kunywa chai kama mimi. Na anayesema msimbo wazi ni hatari ajiulize kama Freund angeweza kuufuata uzi ule hadi mwisho iwapo msimbo ungekuwa umefungiwa kabatini kwa mtu. Ninachokiona mezani ni kidogo zaidi ya hapo na kinachosha zaidi: mashine nyingi zinazoletwa kwangu zikiwa zimeoza kwa virusi zina Windows ya wizi, na virusi viliingia na ileile programu ya kuivunja leseni. Mwizi kaibiwa.

"Gemu ni kamari"

Mama mmoja alirudisha laptop aliyokuwa amemnunulia mwanawe anayeingia chuo. Boksi aliliweka mezani taratibu, akaweka kidole kwenye neno "gaming". "Mwanangu, mtoto wangu siwezi kumnunulia mashine ya kamari."

Nilitaka kucheka, kisha nikakumbuka kwamba serikali yenyewe ndiyo iliyomfundisha hivyo. Sheria ya Uganda ya mwaka 2016 inayosimamia bahati nasibu na kubeti inatumia neno hilohilo la Kiingereza kwa maana ya kamari, na bodi inayosimamia biashara hiyo inalo katika jina lake. Umri unaoruhusiwa ni miaka 25. Kwa mama anayesikia redio, "gaming" ni vijana waliopanga foleni kwenye duka la kubeti wakiwa na karatasi mkononi. Nikamweleza kwamba hapa maana yake ni kadi ya michoro yenye nguvu, ambayo mwanawe wa usanifu majengo angeihitaji hata kama hajawahi kucheza gemu maishani. Aliondoka nayo, bado ana shaka.

Shaka yake ina mzizi, hata hivyo. Gemu kadhaa, zile za mpira zikiwemo, huuza vifurushi ambavyo hujui kuna mchezaji gani ndani mpaka umelipa. Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kwamba baadhi ya vifurushi vya namna hiyo ni kamari, na EA, kampuni ya gemu za mpira za FIFA, ikaacha kuuza nchini humo pointi za kununulia vifurushi hivyo mwanzoni mwa 2019. Kwa hiyo mama hakukosea sana. Alikosea mashine tu.

Na kwa wanaoona gemu ni uzungu uliokuja na umeme: omweso una mashimo 32 na kete 64, bao la kiswahili hivyohivyo, na wazee wameyachezea mavuno na mbuzi kabla ya Sony kuzaliwa.

Kuhusu "Linux haina gemu", dai hilo limechakaa. Kampuni ya gemu ya Valve ilitoa Proton mwaka 2018, programu inayowezesha gemu za Windows kucheza kwenye Linux, na Steam Deck, kifaa chake cha mkononi cha gemu cha mwaka 2022, ni Linux tupu ndani. Ila vijana wanaopanda ngazi zangu hawataki maelfu hayo ya gemu, wanataka mpira. Na gemu za mpira za EA za miaka ya karibuni zina kinga ya kuzuia udanganyifu inayojichimbia ndani kabisa ya Windows, kwa hiyo kwenye Linux zinagoma. Kijana wa aina hiyo namwachia Windows yake. Nikimlazimisha, kesho yuko mlangoni.

"Nikiwa na VPN, hakuna wa kunizimia"

Januari 2021 ilitufundisha, na tumesahau upesi. Tarehe 12 mitandao ya kijamii ilifungwa, siku mbili kabla ya uchaguzi. Siku ile VPN, programu inayopitisha mawasiliano yako kwa siri kupitia seva ya mtu mwingine, ilifanya kazi, watu wakajiona wajanja. Tarehe 13 jioni intaneti yote ikazimwa. Nilikuwa nashusha faili la mteja, lilifika asilimia 80 na kitu, likasimama. VPN tatu kwenye simu, zote zinazunguka tu. Mpaka tarehe 18 ndipo mtandao uliporudi, nayo Facebook haikurudi pamoja na wenzake.

VPN ni gari lenye vioo vyeusi. Askari wa njiani haoni umebeba nini wala unakwenda wapi, lakini barabara ikichimbwa, vioo vyako havikusaidii. Uganda haina bahari. Nyaya zetu kubwa hupita Kenya hadi Mombasa, na kampuni zinazotuuzia intaneti zina leseni za serikali. Amri ikitoka, inatosha kupiga simu chache. Linux haibadilishi hilo, Windows haibadilishi, hata simu ya milioni nne.

Na vioo vyeusi vya bure vimewekwa na nani? Ukitumia VPN, kampuni ya simu haioni unakotembelea, ila mwenye VPN anaona. Umebadilisha shahidi tu. Kuna anayelipia seva hizo, na kama si wewe, jiulize anarudishaje hela zake. Dirisha la siri la kivinjari ndilo dogo kuliko yote: linafuta historia kwenye mashine yako, basi. Mkeo hataona. Kampuni ya intaneti haijafumba macho.

Lakini si kila giza ni la serikali. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilipozorota Afrika Mashariki nzima, mtaani kwangu tayari walikuwa na jina la waziri mdomoni. Kumbe nyaya za EASSy na SEACOM zilikuwa zimekatika chini ya Bahari ya Hindi. Wapo pia wanaosema tangu OTT, kodi ya kutumia mitandao ya kijamii, ifutwe hatulipi kodi ya mtandao. Zile shilingi 200 kwa siku zilianza Julai 2018 zikaondolewa 2021, kweli, na mahali pake ikaja asilimia 12 juu ya data yenyewe. Ya kwanza uliiona kila asubuhi ukaikasirikia. Hii imo ndani ya bei ya kifurushi, huioni.

Mashabiki wenzangu wa Linux nao wana la kwao: kwamba huku hakuna siasa. Oktoba 2024 wasimamizi kadhaa wa Kirusi waliondolewa kwenye orodha ya wanaotunza sehemu za keneli kwa sababu ya vikwazo dhidi ya Urusi, na Torvalds akautetea uamuzi huo hadharani. Msimbo hauna pasipoti, wanaoutunza wanazo.

Wiki iliyopita yule mwalimu alipiga simu. Nikajua ni printa. Hapana: watoto wamegundua kwenye zile kompyuta gemu ya penguini wanaoendesha magari, na sasa hawataki kwenda hata kwenye uji. "Niifute, fundi?"

Nikamwambia aifunge mpaka saa ya mapumziko. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza kama wawili wanaweza kucheza pamoja.