Je, wajua kwa nini kope hulegea kwanza mtu akigongwa na fira?

Mtu aliyegongwa na fira anaweza kukaa muda mzuri akiongea kama kawaida, mguu ukimwuma kidogo tu, hadi waliomzunguka waanze kuambiana kwamba nyoka hakuacha sumu. Halafu kope zinaanza kushuka. Anajitahidi kufumbua macho, hayafumbuki. Anaona vitu viwili viwili. Kwa asiyejua, huo ni usingizi wa mtu aliyechoka, na ni rahisi sana ndugu wakamlaza apumzike. Asiachwe. Kope hizo ni taarifa ya mapema kwamba pumzi nayo inaweza kukatika.

Majina kwanza, kwa sababu yanachanganya. Nyoka wanaotanua shingo wengi wetu huwaita fira au swila bila kutofautisha. Hapa nitamwita fira yule asiyetema, na swila yule anayetema. Tofauti hiyo ina uzito, kwa kuwa sumu zao zinamdhuru mtu kwa njia mbili tofauti.

Tuanze na fira. Ili msuli ukaze, ubongo hutuma amri kupitia neva. Neva na msuli havigusani. Kuna mwanya mdogo mno kati yake. Amri ikifika ukingoni, neva humwaga kemikali iitwayo asetilikolini, nayo huvuka mwanya na kukaa kwenye vipokezi vya msuli kama abiria anavyokaa kwenye kiti. Hapo msuli hukaza. Ndani ya sumu ya fira kuna protini ndogo zinazowahi viti hivyo na kuvikalia. Amri imetoka kwenye ubongo, imefika, asetilikolini imemwagwa, lakini haina pa kukaa. Msuli wenyewe ni mzima, ila haupokei neno lolote.

Msuli unaoinua kope ni mdogo, uko kazini tangu unapoamka hadi unapolala, na miunganiko yake na neva haina akiba kubwa. Viti vichache vikikaliwa, tayari umeshindwa. Baada ya kope hufuata misuli inayozungusha macho, kisha ulimi na koo: mgonjwa anashindwa kumeza mate, sauti inatokea puani, shingo haibebi kichwa. Mwishoni inafikiwa misuli ya mbavu na ule msuli mpana ulio chini ya mapafu, ambao ndio unaovuta hewa.

Lakini moyo hautegemei viti hivyo, kwa hiyo unaendelea kupiga. Protini hizo pia hazipenyi kirahisi kuingia kwenye ubongo. Maana yake ni kwamba mgonjwa aliyelala kimya, asiyeweza kufumbua macho wala kuinua kidole, huenda anasikia kila mnachosema juu yake. Mapafu yake hayajaharibika. Akipumuliwa, iwe kwa mashine, kwa mfuko wa kubana kwa mkono, au hata mdomo kwa mdomo njiani, anaweza kuishi hadi dawa ifike au sumu iachie yenyewe. Ndiyo maana naona uchungu kila nikisikia mtu amefunikwa shuka mapema.

Swila ana mambo yake. Sumu yake akiuma kwa kawaida haifungi pumzi. Huharibu nyama palepale ilipoingia. Mguu unavimba, malengelenge yanatokea, ngozi inakuwa nyeusi na kuoza, na wapo wanaopandikizwa ngozi au kukatwa kiungo. Sasa fikiria ile kamba tunayokimbilia kuikaza juu ya jeraha. Inazuia damu kwenye nyama ambayo tayari inakufa. Wembe wa kuchanjia unaongeza jeraha juu ya jeraha, kunyonya kwa mdomo hakuitoi sumu, na lile jiwe jeusi la nyoka, ambalo mara nyingi ni mfupa uliochomwa, halina uwezo huo pia. Kikubwa kinachopotea hapo ni saa.

Na kutema je? Matundu ya chonge za swila yameelekea mbele, na misuli inapobana tezi za sumu, sumu inaruka mita mbili au zaidi. Wakati huo huo anatikisa kichwa upesi ili itawanyike kwenye macho yote mawili. Watafiti waligundua kwamba anafuata mwendo wa uso wako na kurusha pale utakapokuwa, si pale ulipokuwa. Utafiti wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba tabia hii ya kutema ilizuka mara tatu mbalimbali katika ukoo wa nyoka hawa, na kila mara sumu ilibadilika kwa namna ile ile ili iume zaidi. Kwenye ngozi isiyo na kidonda haina madhara makubwa. Kwenye jicho inaweza kutia vidonda na kupofua. Osha kwa maji mengi, dakika kumi na tano na zaidi, au kwa maziwa kama maji hayapo, kisha nenda hospitali. Swila mkubwa kuliko wote duniani ni wa kwetu, Afrika Mashariki: Naja ashei, aliyetambuliwa rasmi mwaka 2007 na kupewa jina la James Ashe, mwanzilishi wa shamba la nyoka la Watamu, Kenya.

Swila huingia nyumbani usiku na kuwauma watu waliolala chini. Chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro kinamzuia yeye pamoja na mbu.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka, na lilisubiri hadi 2017 kuliweka tatizo hili kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa. Dawa ya sumu hutengenezwa kwa kinga za farasi aliyezoeshwa sumu kidogo kidogo, njia inayojulikana tangu miaka ya 1890. Si kila zahanati inayo, hivyo pigeni simu kuuliza kabla ya kuondoka, na mchague hospitali yenye vifaa vya kupumulia.

Mvueni pete na bangili kabla ya uvimbe. Kiungo kilichoumwa kisichezeshwe, kifungwe banzi kama kilichovunjika. Asitembee, mbebeni, amelala ubavu ili mate na matapishi yasimpalie. Nyoka mwacheni aende. Na kope zikianza kushuka, angalieni saa na muikumbuke, kwa sababu daktari atauliza.