Utumwa kwa mashamba ya miwa: yenye watu husema na yenye ilikuwa

Huku Muhoroni na Chemelil ukitaja miwa kila mtu ni mtaalamu, lakini stori ikifika kwa watumwa wa Jamaica watu wanaongea tu vitu za sinema.

Kwanza hii ya ati shamba lilikuwa la wanaume wenye misuli. Jamaica wanawake ndio walijaa kwa genge la kwanza, lile la kuchimba mashimo ya kupandia na kukata miwa, juu wanaume wengi walitolewa wakawa maseremala, wapika sukari ama wanyapara. Hata watoto wa miaka sita hivi walikuwa na genge lao la kung'oa magugu.

Ingine ni ati jua likitua kazi imeisha. Wapi! Msimu wa kuvuna kinu kilisaga usiku na mchana, kwa sababu muwa ukishakatwa hauna subira, na mkulima yeyote wa huku ambaye miwa yake imelala kando ya barabara ikingoja trekta anajua mizani itamwambia uzito umepungua. Sasa fikiria mtu ameshinda shambani halafu usiku anawekwa zamu ya kulisha miwa kwa rola, anasinzia, vidole vinaingia, na rola haiachilii, inavuta mkono wote, ndio maana shoka lilikuwa linawekwa hapo karibu, la kukata huo mkono.

"Lakini si walilishwa bure?" Hii ndio hunikasirisha. Jamaica mtumwa alipewa kipande cha shamba, mara nyingi mlimani mbali, ajilimie chakula chake Jumapili. Siku sita za bwana, ya saba ujilishe.

Na hapana, wengi hawakupelekwa Marekani. Kati ya Waafrika kama milioni 10.7 walioshuka meli wakiwa hai, waliofikishwa Amerika Kaskazini moja kwa moja hawakufika hata laki nne. Brazil pekee ilichukua karibu milioni 5.

Kuna wenye hudhani Pwani yetu ilikuwa tu na watumwa wa nyumbani. Karafuu za Zanzibar na Pemba zilichumwa na nani, na mtama wa Malindi? Sheria ya kumaliza utumwa pwani ya Kenya ilikuja 1907, reli ikiwa imeshafika Kisumu tangu 1901, aki.

Ya fidia nayo, Uingereza ilipomaliza utumwa kwa makoloni yake kama Jamaica, ni kweli ililipwa, pauni milioni 20 za Uingereza, lakini zilienda kwa mabwana. Watumwa hawakuona hata senti, na baada ya "uhuru" wa 1834 wengi wao wakabakishwa mashambani wakifanyia bwana yuleyule kazi bila mshahara hadi 1838.