Fundi, Jaza Mpaka Iwe Jiwe

Jumapili saa moja na nusu asubuhi, sijafungua hata sanduku la spana, mteja wa kwanza keshanisukumia baiskeli. Ni ya milimani, tairi za inchi 2.2, mpya kiasi kwamba zile nywele za mpira bado zimesimama. "Fundi, jaza mpaka iwe jiwe. Leo nataka kukimbia." Nikabonyeza ya nyuma kwa kidole gumba, kidole kikagoma. Nikaweka geji ya upepo: presha 58, kwa kipimo cha psi. Na safari yenyewe ni ya Karura, hapa Nairobi, kuzunguka msitu na kurudi kunywa chai.

Huyo alikuwa wa nne wiki hiyo. Ndiye aliyebeba hasira za wale watatu, na kilichobaki nakimwaga hapa.

Najua imani hii ilikotoka. Sisi tuliokulia na Black Mamba tulifundishwa kwamba tairi laini ni dalili ya uvivu. Ile baiskeli ya breki za vyuma, tairi nyembamba za inchi 28, ilibeba gunia la mahindi la kilo 90, na juu ya hapo mwenyewe anakanyaga. Kule Busia vijana waliwavusha watu kutoka mpaka hadi mpaka wakiita "boda, boda", abiria kwenye keria na mzigo wake mapajani. Kwa kazi ile, ukipunguza upepo rimu inagonga chini na spoku zinaanza kukatika. Jiwe lilikuwa lazima. Sasa wewe una mzigo gani? Chupa ya maji na simu.

Halafu wanionyesha maandishi ubavuni mwa tairi: 65. "Kampuni yenyewe imesema!" Kampuni imesema usipite hapo. Karatasi ya Panadol nayo inasema usipite vidonge vinane kwa siku, na sijaona mtu akimeza vinane kwa sababu ana haraka ya kupona.

Kuna swali huwa nawauliza, wananyamaza. Gari dogo la tani moja na kitu linatembea kwa presha 32 au hivi. Wewe na baiskeli yako mkiwekwa pamoja kwenye mizani hamfiki kilo 90. Kwa nini unataka mara mbili ya gari? Jibu la kitaalamu ni kwamba tairi ya gari ni pana, inaugawa uzito mahali pakubwa. Sawa kabisa. Na tairi ya inchi 2.2 je, ilipanuliwa kwa urembo?

Hesabu yenyewe ni ya darasa la saba. Mtu wa kilo 70 na baiskeli ya kilo 14. Gurudumu la nyuma linabeba kama kilo 50 za hizo. Ukiweka presha 30, sehemu ya mpira inayokanyaga ardhi inakaribia nusu ya kitambulisho chako cha taifa. Ukiweka 65, inashuka hadi kama robo. Robo ya kitambulisho ndiyo unayotegemea ikushikilie kwenye kona yenye changarawe, na robo hiyohiyo ndiyo itakayokusimamisha mama mwenye mtoto akitokea mbele.

Lakini sicho kinachoniudhi. Kinachoniudhi ni neno "kukimbia". Mteja akiniambia anajaza ili asipate pancha, tunaelewana nusu njia. Akisema tairi ngumu ndiyo inakimbia, hapo naweka spana chini.

Kwenye lami laini yuko karibu na ukweli. Tairi inapozunguka, mpira unabonyea na kurudi, na kila inapobonyea nguvu kidogo inageuka joto. Ukiongeza upepo, inabonyea kidogo, unapoteza kidogo. Huo ndio ukweli wote, na watu wanaubeba mzimamzima hadi msituni.

Njoo tutembee Karura kwa miguu kwanza. Mimi njia yoyote mpya naitembea kabla ya kuiendesha. Miguu inakuambia mambo ambayo gurudumu linakuficha. Kiangazi, ule udongo mwekundu una unga juu na sakafu ngumu chini, kama mtu amemwaga sembe kwenye saruji. Chini ya mikaratusi kuna maganda na vijiti vinavyoviringika. Kwenye muhugu na miti mingine ya asili kuna mizizi inayokata njia, imelainishwa na nyayo za watu. Na vijiwe, kila mahali vijiwe vya ukubwa wa ngumi ya mtoto.

Tairi laini ikikutana na kijiwe, inakimeza. Mpira unazama pale kilipo, baiskeli inaendelea na safari. Tairi ya jiwe haimezi kitu. Inapanda. Inakunyanyua wewe, fremu na chupa yako ya maji, halafu inawaangusha. Kile kimo cha sentimita moja umekilipia kwa miguu yako, na ukishuka hurudishiwi yote. Inaishia kwenye mikono, mgongo, nyama za mapaja zinazotikisika. Zidisha kwa vijiwe vya kilomita 15. Unamaliza umechoka, viganja vimekufa ganzi, unaniambia gia zina shida.

Mbona basi inahisi kasi? Kwa sababu inatetemeka. Kelele na mtetemo mwili unazisoma kama mwendo. Matatu mbovu ikienda 60 unadhani ni 100. Gari zuri likienda 100 unasinzia.

Niliwahi kujaribu mwenyewe. Nilichagua mteremko mmoja wa murramu, nikaanza kwenye jiwe lilelile, bila kukanyaga pedali, nikawa naweka alama nilipoishia. Presha 55, halafu 40, halafu 30, mara tano kila moja. Ya 30 ilifika mbali zaidi mara nyingi. Si mara zote, na nitakuwa mwongo nikisema zote. Upepo ulibadilika, mara ya tatu nilimkwepa mbwa, na pengine nilikuwa nainama zaidi pale nilipotaka kushinda. Kati ya 40 na 30 tofauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba singeiapia. Kati ya 55 na 30, naapa.

Nisieleweke kwamba sasa kila mtu aende na tairi legelege. Ukishuka sana, mzizi unaibana tyubu kati yake na rimu, inatoboka matundu mawili sambamba kama meno ya nyoka. Ukiyaona hayo, usilaani mwiba, ongeza presha tatu. Kwa kilo 70 na tairi hizo zenye tyubu, mimi naanzia 30 nyuma na 27 mbele. Kilo 90, anzia 35. Mvua ikinyesha toa mbili, ingawa udongo ule ukilowa unaganda kama ugali na hapo presha haikuokoi. Shuka utembee, la sivyo utawaharibia wengine njia. Ukienda mbuga ya Hell's Gate, Naivasha, kwenye ule mchanga wa majivu ya volkano, toa nyingine mbili. Na miiba ya migunga kule inatoboa yoyote, ngumu kwa laini, kwa hiyo beba tyubu ya akiba.

Kuna waliojaza Mombasa wakapandisha baiskeli kwa gari. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ya nje ni nyepesi, kwa hiyo 30 ya pwani huku inasoma karibu 33. Hamna aliyekuibia, na hamna aliyekuongezea.

Jambo moja linanisumbua. Nina geji mbili, na hazipatani; moja inasema 30, nyingine inasema 33 kwenye tairi ileile. Nimechagua kuiamini ile ya zamani kwa sababu kidole changu kimeizoea, sababu ambayo ningemcheka mteja akinipa. Kwa hiyo namba zangu zichukue kama pa kuanzia. Ila tafadhali, kidole peke yake kisikudanganye: ukuta wa tairi mmoja mnene, mwingine mwembamba, na gumba halijui tofauti.

Nikamshusha yule wa Jumapili hadi 30, akinitazama kama namwibia. Tukiwa hapo akafika mzee mmoja na Black Mamba, madumu ya maziwa yamefungwa mawili kila upande wa keria, kama kilo 80. "Nitilie upepo, kijana wangu." Nikajaza. Nikaendelea kujaza. Mzee akagonga tairi kwa kifundo cha kidole, ikalia kama mlango. Akaridhika, akalipa, akaenda zake.

Nilipogeuka, mteja wangu alikuwa amekunja mikono.

"Kumbe inawezekana," akasema.