Kipi Kiingie Kwenye Pipa la Mboji na Kipi Kibaki Nje

Katika nyumba nyingi za mji wa Kigoma, kuanzia Mwanga hadi Ujiji, taka nyingi zinazotoka jikoni ni vitu vinavyooza: maganda ya mihogo na ya ndizi, mashina ya mchicha, matembele yaliyonyauka, maganda ya maembe wakati wa msimu wake na makapi ya chai. Vyote hivyo hufaa kwa mboji. Hata hivyo, kujua kwamba kitu kinaoza hakutoshi kukifanya kifae, kwa kuwa hata samaki huoza. La kujiuliza ni iwapo kitu hicho kitaoza ndani ya pipa dogo la nyumbani bila kuita panya na nzi, na bila kuacha vimelea vya magonjwa katika mbolea itakayowekwa kwenye bustani ya mboga.

Ukubwa wa lundo ndio unaoleta tofauti. Lundo lenye upana na kimo cha mita 1 hivi, likichanganywa vizuri, huweza kufikia joto la nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi, kwa sababu vijidudu vinavyokula taka hutoa joto na lundo lenyewe hulihifadhi. Joto hilo likidumu kwa siku kadhaa huku lundo likigeuzwa, vimelea vingi na mbegu nyingi za magugu hufa. Pipa dogo hupoteza joto upesi, kwa hiyo haifai kulitegemea lisafishe kitu kilichoingia kikiwa kichafu.

Ndiyo maana, katika mji unaokula dagaa, migebuka na kuhe karibu kila siku, tunasisitiza kwamba matumbo, magamba, mifupa na hata maji yaliyooshea samaki visiingie kwenye pipa. Harufu yake huwafikia panya, paka na mbwa wa mtaa mzima kabla haijawafikia majirani, na nzi hutaga mayai humo mara moja. Mabaki hayo yafukiwe katika shimo lenye kina cha nusu mita au zaidi, mbali na kisima. Nyama na maziwa vina tatizo lilelile, na wali au ugali uliobaki, ingawa huoza kwa urahisi, nao huwavuta panya. Chakula kilichoungwa kwa mawese kina kasoro ya ziada: mafuta hufunika taka, yakazuia hewa na maji kupenya, na pipa likaanza kunuka.

Maganda ya mihogo huwatia watu wengi wasiwasi kwa sababu ya sumu yake. Sumu hiyo huvunjika kadiri maganda yanavyooza, hivyo haizuii kutengeneza mboji. Hatari iko kwa mbuzi atakayeyala yakiwa mabichi, na kwa hiyo yakatwekatwe na kufukiwa katikati ya lundo. Maganda ya mayai yapondwe.

Majivu ya jiko yawe ya kiasi cha konzi moja tu kwa mara, tena yaliyopoa kabisa. Yakizidi, naitrojeni, kirutubisho kikuu cha mimea, hupotea hewani ikiwa amonia, ile harufu kali inayochoma pua, na mboji hubaki dhaifu. Kinyesi cha mbwa na cha paka, pamoja na nepi za watoto, visiingie kabisa, kwa sababu vinaweza kubeba minyoo na vimelea vingine. Plastiki, betri na mbao zilizopakwa rangi hazihitaji maelezo.

Kosa tunalolikuta zaidi, hata katika mapipa yasiyo na samaki, ni kujaza maganda mabichi peke yake. Kwa kila ndoo 1 ya maganda ziwekwe ndoo 2 au 3 za majani makavu, nyasi kavu au maganda ya karanga, na tabaka la juu kabisa liwe kavu daima. Mchanganyiko ukikamuliwa mkononi utoe tone moja au mawili. Ukichuruzika, ongeza vikavu, na wakati wa masika pipa lifunikwe, ilhali kuanzia Juni hadi Septemba huenda ukalazimika kulinyunyizia maji. Likigeuzwa kila baada ya wiki moja au mbili, mboji huwa tayari baada ya miezi 3 hadi 6, ikiwa nyeusi, imepoa na inanukia kama udongo uliopata mvua.